Jumamosi Tano za Mafunzo ya Midahalo: Tathmini ya Mwalimu Aliyelipa Ada Yake Mwenyewe

Kwa Jumamosi tano mfululizo nilihudhuria mafunzo ya midahalo na mantiki yanayoendeshwa na kampuni ndogo ya hapa Dar es Salaam. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na nia yangu ni kueleza kilichofundishwa na namna kilivyofundishwa, wala si kuwaharibia watu riziki. Ada ilikuwa shilingi 150,000 kwa mshiriki, ambayo ililipia vipindi vitano vya saa tatu tatu, kitini cha kurasa 64, chai na vitafunio, pamoja na cheti cha ushiriki. Tulikuwa washiriki 23: walimu, mawakili wachanga, wauguzi, madiwani wawili, wanafunzi wa chuo kikuu na mchungaji mmoja.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na ndimi mlezi wa klabu ya midahalo shuleni kwetu. Kwa miaka kadhaa nimeona tatizo lilelile likijirudia. Mwanafunzi anasimama, anamwiga mpinzani wake sauti au mwendo, ukumbi unaangua kicheko, majaji nao wanacheka, na alama zinaandikwa kicheko kikiwa bado hakijaisha. Yule aliyeleta sababu na ushahidi anakaa chini akiwa ameshindwa, na hakuna aliyemwonyesha kosa lake liko wapi. Nilitaka mtu anisaidie kuwafundisha watoto hawa kutofautisha hoja iliyovunjwa na mtoa hoja aliyevunjwa moyo. Tangazo la mafunzo liliahidi jambo hilohilo, kwa kusema kwamba mshiriki angejifunza kutambua kejeli na hoja potofu katika mijadala ya sayansi na siasa, na kuzijibu. Kwa hiyo nitayapima mafunzo haya kwa ahadi hiyo.

Vipindi viwili vya mwanzo vilikuwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Viliongozwa na mwezeshaji msaidizi, dada kijana mwenye subira, ambaye alichambua hoja potofu moja baada ya nyingine kwa mifano ya vikao vya kamati ya harusi. Mjumbe anayesema kwamba bajeti ya chakula ni kubwa mno anajibiwa kuwa yeye mwenyewe hajamaliza mchango wake. Huenda ni kweli hajamaliza, lakini deni lake halipunguzi bei ya mchele hata kwa shilingi moja. Mwingine anapendekeza sherehe ifanyike nyumbani badala ya ukumbini, anaambiwa kwamba anataka bwana harusi aaibike mbele ya wakwe. Hajasema hivyo, amelishwa maneno. Mwenyekiti anafunga mjadala kwa kusema kwamba amekwisha kuongoza kamati nyingi, kana kwamba wingi wa kamati zake ndio hesabu ya gharama. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, na nadhani kila mmoja alijiona mahali fulani, mimi nikiwamo, kwa kuwa nimewahi kumnyamazisha mwalimu mgeni kwa kumkumbusha miaka yangu kazini.

Kitini chenyewe, kwa bahati mbaya, hakikuandikwa na dada huyo. Kosa la kumlisha mtu maneno kinaliita "hoja ya mtu wa majani", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza ambayo haimwambii msomaji wetu chochote, ilhali usemi tulio nao unaeleweka hata na mtoto wa darasa la nne. Palipoelezwa kosa la kudhani kwamba jambo ni kweli kwa sababu limekubaliwa na wengi, kitini kilitoa mfano wa matangazo ya biashara ya nchi za mbali, na ni mwezeshaji msaidizi aliyetukumbusha methali yetu ya "wengi wape". Diwani mmoja alidai kwamba methali hiyo inahalalisha kosa lenyewe. Tukaijadili kwa karibu nusu saa, na mchungaji ndiye aliyetufungua macho: methali inasema wengi wape kwa sababu usipowapa watachukua, yaani inazungumzia nguvu ya wengi na busara ya kuwapisha, wala haisemi popote kwamba wengi ndio wenye ukweli. Nusu saa hiyo ilinifaa kuliko kurasa 20 za kitini.

Zoezi lililonivutia zaidi lilifanyika mwishoni mwa kipindi cha pili. Tulikaa wawili wawili, tukapewa mada tunayopingana kwayo, na kila mmoja akatakiwa kuieleza hoja ya mwenzake hadi mwenzake akiri kwamba ndivyo alivyokusudia, na kwamba asingeweza kuieleza vizuri zaidi yeye mwenyewe. Nilipangwa na wakili kijana anayeamini kwamba lugha ya kufundishia sekondari iendelee kuwa Kiingereza. Mimi siamini hivyo. Nilishindwa mara tatu kuieleza hoja yake kwa namna atakayoikubali, kwa sababu kila mara nilichomeka neno moja la kubeza bila kukusudia: mara "ukoloni mamboleo", mara "kujipendekeza". Mara ya nne niliyaondoa maneno hayo na nikaona kwamba hoja yake ilikuwa na mguu wa kusimamia, kuhusu uhaba wa vitabu vya kiada vya juu, ambao sikuwa nimewahi kuujibu. Bado nampinga, ila sasa najua ninachopaswa kukijibu. Zoezi hili lilipewa dakika 20 tu kati ya saa 15 za mafunzo yote, na halikurudiwa tena.

Kipindi cha tatu kilihusu sayansi, na hapo mwezeshaji mkuu alishika usukani. Ni msemaji hodari, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, na anajua kuamsha watu kwa makofi ya kilo tatu kila wanapoanza kusinzia. Alianza na tukio maarufu la tarehe 30 Juni 1860, huko Oxford, katika mkutano wa chama cha kuendeleza sayansi cha Uingereza, ambako Askofu Samuel Wilberforce na mwanabiolojia Thomas Huxley walipambana kuhusu nadharia ya Charles Darwin ya mabadiliko ya viumbe, iliyokuwa imechapishwa Novemba 1859. Askofu, kwa mujibu wa simulizi, alimuuliza Huxley kama ukoo wake wa nyani unatoka upande wa babu au wa bibi, na Huxley akajibu kwamba hataona aibu kuwa na babu nyani, bali ataona aibu kuhusiana na mtu anayetumia kipaji chake kuficha ukweli. Ukumbi wetu ulipiga makofi kana kwamba tulikuwapo. Mwezeshaji akahitimisha kwamba hivyo ndivyo sayansi ilivyoshinda.

Sayansi haikushinda hivyo. Kwanza, hakuna aliyeandika maneno ya siku ile neno kwa neno, na simulizi tunayoipenda iliungwa miaka mingi baadaye, hasa na marafiki wa Huxley. Pili, jambo ambalo kitini hakikuligusa ni kwamba Wilberforce alikuwa na hoja nyingine kando ya ule mzaha. Katika mwaka huohuo wa 1860 alichapisha tathmini ndefu ya kazi ya Darwin, na Darwin mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa imechagua kwa ustadi sehemu zile zenye kubahatisha zaidi. Mwanabotania Joseph Hooker naye alizungumza siku ile, na wapo waliosema kwamba yeye ndiye aliyemjibu askofu kwa ushahidi. Leo ni watu wachache wanaokumbuka Hooker alisema nini kuhusu mimea, ilhali mzaha wa nyani unakumbukwa na kila mtu. Nadharia ya Darwin ilisimama kwa visukuku, kwa mtawanyiko wa viumbe visiwani, na kwa elimu ya urithi iliyokuja baadaye. Kama isingekuwa na hayo, jibu la Huxley lingebaki kuwa kijembe kizuri tu. Nilinyoosha mkono kulisema hili. Niliruhusiwa sentensi mbili, kisha mwezeshaji akaniambia kwa tabasamu kwamba walimu wa fizikia hawapendi watu wacheke. Watu walicheka, na tukaendelea mbele.

Kuhusu vijembe nisieleweke vibaya. Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo taarabu ilipigwa kila Ijumaa jioni, na najua ufundi wa mpasho unaomfikia mlengwa bila jina lake kutajwa. Hiyo ni sanaa yenye kanuni zake, na hadhira yake inajua imekuja kusikiliza nini. Lakini aliyepashwa akanyamaza hajathibitika kuwa mkosa. Amezidiwa maneno tu, naye Ijumaa ijayo anaweza kurudi na wimbo mkali zaidi.

Kilichonishangaza kuliko vyote katika kipindi hicho ni kwamba mafunzo ya kejeli katika sayansi yalifanyika Tanzania, kwa Kiswahili, bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inaelekea kujaa, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto, na baada ya kama saa moja na nusu akakuta yake yameganda wakati ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, kule mjini Tanga, wauza aiskrimu walimwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ungali moto kwa sababu huganda mapema.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, walipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, alirudia swali lake. Mwalimu akambishia, na hoja zilipomwishia akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu ya logariti aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likauchukua msemo huo. Nimekuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka mingi, na kila ninapofikia sehemu hii ya kisa nahisi uzito kifuani, kwa kuwa najua jinsi ilivyo rahisi kusema maneno ya namna hiyo saa sita mchana, mbele ya wanafunzi 60, swali linapokuwa halimo kwenye mtaala.

Kisha akaja Dkt. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vikombe viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzijoto 100 kinaganda kwanza, ni kwa nini? Wanafunzi wenzake walimwambia baadaye kwamba amewatia aibu. Osborne alimuuliza kama ni kweli amejaribu mwenyewe, akasema ndiyo, na Osborne akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Waliporudia wakapata jibu lilelile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Ningependa kisa hiki kifundishwe hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake haujafika. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza tukio hilo na kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walionyesha jambo linalofanana na la Mpemba katika mfumo mwingine kabisa, wa chembe ndogo zilizo ndani ya kimiminika. Hivyo basi kicheko cha darasani hakikuthibitisha kwamba Mpemba amekosea, na kule kuchekwa kwake hakuthibitishi kwamba amepata. Mwenye shaka ana njia moja tu, nayo ni kupima. Osborne aliitumia, na Burridge na Linden waliompinga miaka mingi baadaye waliitumia vilevile, na kwa kufanya hivyo walimpa heshima ambayo mwalimu wake hakumpa.

Hili la pili, kwamba kuchekwa si uthibitisho wa kuwa na haki, lilijitokeza darasani kwa njia isiyopangwa. Mshiriki mmoja anayeuza dawa za asili alisema kwamba wanaoidharau dawa yake wakumbuke kuwa hata mwanasayansi Galileo alipingwa. Mwezeshaji msaidizi alilijibu vizuri sana. Hakumcheka. Alimuuliza ni watu wangapi anaowajua waliopingwa na kweli wakawa wamekosea, na mshiriki huyo akakiri kwamba ni wengi. Kisha akamuuliza Galileo alitumia nini kuwajibu waliompinga, wakafika pamoja kwenye darubini na miezi ya sayari ya Mshtarii. Nilitamani aongeze kisa cha Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwataka madaktari kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo katika wodi yake vikashuka kutoka zaidi ya asilimia 18 mwezi Aprili hadi takriban asilimia moja mwezi Julai. Yeye alikuwa na takwimu, lakini alichelewa sana kuzichapisha, na alipopingwa aliishia kuwaandikia wapinzani wake barua za wazi za kuwaita wauaji. Aliyekuwa na haki naye alitupa matusi, na matusi hayo hayakumwokoa mzazi hata mmoja.

Kipindi cha nne kilihusu siasa, nacho ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Kilianza vizuri, kwa kisa cha Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1989 alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, mradi uliohusishwa na shirika la habari la chama tawala cha KANU. Wabunge badala ya kujadili gharama, mikopo au haja ya bustani katikati ya jiji, walijadili ndoa yake iliyovunjika na kuwaita wenzake kundi la wanawake walioachika. Rais Moi alisema kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Maathai, ambaye shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya anatomia ya mifugo, alijibu kwamba yeye hashughuliki na sehemu ya mwili inayomtofautisha mwanamume na mwanamke, na kwamba suala lililopo linahitaji kutumia kilichoko juu ya shingo. Wafadhili wakajitoa, mradi ukaachwa, na bustani ipo hadi leo. Mwezeshaji mkuu alilichambua vizuri, akionyesha jinsi kila tusi lilivyokuwa limekwepa swali fulani la fedha, na kwa muda nilimsamehe mambo ya Jumamosi iliyotangulia.

Kisha akaleta suala la papai. Tarehe 3 Mei 2020, akihutubia Chato, Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za vitu kama papai na mbuzi zilipewa majina ya watu na kupelekwa maabara ya taifa, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Siku iliyofuata mkurugenzi wa maabara alisimamishwa kazi, na siku chache baadaye mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, alikataa madai kwamba vipimo vilivyogawiwa vilikuwa vibovu. Takwimu za mwisho zilizotolewa kwa dunia zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Mwezeshaji alionyesha ukutani michoro ya vichekesho ya papai lililovaa barakoa, moja baada ya nyingine, na ukumbi ukacheka kwa dakika nyingi.

Mama mmoja, muuguzi wa siku nyingi, akanyoosha mkono. Alisema kwa sauti ya chini kwamba katika maabara yoyote nzuri kipimo nacho hupimwa: huwekwa sampuli inayojulikana kuwa haina kirusi, na ikitoa jibu la kuwa nacho, kila kitu husimamishwa hadi chanzo kijulikane. Kwa hiyo, alisema, wazo la kupeleka sampuli isiyo ya mgonjwa halichekeshi hata kidogo. Cha kuuliza ni mengine: kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya makamasi ya puani na kooni kinaaminika vipi kwa utomvu wa tunda, sampuli zilikuwa ngapi, nani alizishika njiani, zilirudiwa mara ngapi, na ripoti iko wapi ili wengine waisome. Mwezeshaji mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akawageukia washiriki, akasema: "Kumbe mama naye ana papai lake nyumbani." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wengine walipiga meza.

Nasema kwa uchungu kwamba maneno ya yule mama yalikuwa ndiyo maneno bora yaliyosemwa katika saa 15 zote. Aliikataa kejeli ya pande zote mbili kwa pamoja. Kwa upande mmoja walikuwapo waliosema kwamba Rais ni daktari wa kemia, basi nani wa kumbishia. Kwa upande wa pili walikuwapo waliosema kwamba mtu aliyepima papai hana haja ya kujibiwa. Hoja ya kwanza iliuweka ukubwa wa mtu mahali pa ushahidi, na ya pili iliweka kicheko mahali hapohapo. Kati ya hizo mbili, maswali yake matano yalibaki bila kujibiwa, na hayo ndiyo yangeweza kumwambia mwananchi kama majibu ya maabara yanaaminika. Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake. Alikifunga kitini, akakiweka juu ya mkoba wake, na hakusema neno tena hadi tulipotawanyika. Jumamosi ya tano hakuja.

Niliwaandikia waandaaji barua ya kurasa mbili nikieleza tukio hilo na kuomba mambo matatu: mama yule aombwe radhi, arudishiwe ada ya kipindi alichokikosa, na somo la kejeli lipewe kanuni itakayomfunga mwezeshaji pia. Walijibu ndani ya siku mbili, kwa adabu, jambo ambalo nawashukuru. Walisema kwamba mzaha ulikuwa wa kuchangamsha darasa, kwamba mjadala wa hadharani una kejeli na mshiriki anapaswa kuizoea, na kwamba ada hairudishwi baada ya kipindi cha pili. Lile la ada nimelielewa, kwa kuwa limeandikwa kwenye fomu. Lile la kuizoea kejeli sijalikubali. Tangazo lao halikuahidi kutuzoeza kuvumilia kuchekwa. Liliahidi kutufundisha kuitambua hoja potofu, na hapo palikuwa na mfano hai, mbele ya macho yetu, wa hoja iliyokwepwa kwa kumcheka mwenye hoja, bila mtu yeyote kuutaja kwa jina lake.

Kipindi cha tano kilikuwa cha mashindano na kugawa vyeti. Kilipita haraka. Fomu ya majaji ilikuwa na alama 30 kwa hoja, 30 kwa ushahidi na 40 kwa "mvuto kwa hadhira", na sidhani kama inahitaji maelezo zaidi kutoka kwangu kuonyesha ni nani alishinda.

Kwa anayefikiria kujiunga, maoni yangu ni haya. Ukumbi ni safi, unafikika kwa daladala, vipindi vinaanza kwa wakati, na chai inatosha. Wakili, diwani au mtu yeyote anayehitaji ujasiri wa kusimama mbele ya kadamnasi atapata thamani ya fedha yake kwa mwezeshaji mkuu, mradi asimchukulie kuwa mwalimu wa mantiki. Mwenye kutaka kujifunza hoja potofu aombe kwanza kujua nani ataongoza vipindi, na kama ni yule mwezeshaji msaidizi peke yake, alipe bila kusita. Kitini hakistahili kununuliwa kando kwa shilingi 20,000 wanazotoza. Walimu wenzangu wanaotaka kupeleka wanafunzi nawashauri wasubiri hadi fomu ya majaji ibadilishwe. Nimewapelekea waandaaji rasimu ambayo alama za mvuto zimepunguzwa hadi 10, na 30 zilizobaki zinatolewa kwa yule atakayeeleza hoja ya mpinzani wake hadi mpinzani akiri kwamba imeelezwa sawasawa. Wamesema wataijadili.

Namba ya yule mama niliipata kwa mwezeshaji msaidizi, ambaye alimwomba ruhusa kwanza. Nilimpigia simu nikamuomba aje shuleni kwetu kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi kipimo cha maabara kinavyopimwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wanafunzi hao ni wa kucheka. Nilimwambia ukweli, kwamba ni wa kucheka sana. Akasema atakuja Alhamisi ya wiki ya pili ya muhula, saa nne asubuhi, na akaniomba niwaambie waandike maswali yao kwenye karatasi siku moja kabla, kila mtu na swali lake, bila jina.